Kachumbari Tuliyoimwaga Lipangalala

Vijana mnaokaanga chipsi pale stendi ya Ifakara, na nyie mabinti mnaopika shughuli za watu kwa kuitana kwenye simu, leo nawasema. Anayetaka kununa anune, nitamkuta hapo hapo.

Wiki iliyopita nilipita kununua chipsi mayai. Kijana amevaa glavu mikono yote miwili, nikafurahi, nikajisemea kumbe mambo yamebadilika. Akapokea noti kwa glavu. Akatoa simu mfukoni kwa glavu, akamjibu mtu, akacheka naye. Akajikuna shingo kwa glavu. Kisha kwa glavu hizo hizo akachota kachumbari na kipande cha jani la saladi, akanirundikia pembeni ya sahani. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo majani nitolee." Akashangaa. "Mama, mbona nimevaa glavu?" Nikamwuliza glavu hizo zinamkinga nani, yeye au mimi. Chipsi nilikula, maana zimetoka kwenye mafuta ya moto. Majani nilimwachia.

Msidhani nilizaliwa najua. Mimi ni mpishi wa shughuli, mstaafu. Kustaafu kwetu hakuna barua wala hotuba. Siku moja magoti yanakataa kuinama kwenye mafiga, basi, umestaafu. Nimepika harusi, maulidi, vipaimara na misiba kuanzia Mkula mpaka Idete, na jina langu jikoni lilikuwa Mama Anjela. Aliyenifundisha kazi ni Bi Saumu, Mungu amrehemu. Nitamtaja sana hapa, mnivumilie. Nimefanya kazi na wapishi wengi na sijaona wa kumfikia.

Bi Saumu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Babu yake alikuja Ifakara na biashara ya nguo kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa, akakulia hapa, na Kipogoro alikijua vizuri, hasa cha kugombeza. Alipika pilau siku nzima na khanga yake ikabaki bila doa. Sisi tulikuwa tunarudi nyumbani kama tumeogea mchuzi. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Kosa langu la kwanza mbele yake lilikuwa la beseni. Alinipa majani ya saladi nioshe. Nikajaza maji kwenye beseni kubwa, nikatumbukiza mzigo wote, nikakoroga, nikatoa, nikaona nimemaliza. Akaja akasimama. "Mama Anjela, jani moja likiwa na uchafu humo ndani, mengine yatatoka na nini?" Akaniletea ndoo yenye koki, akafungulia maji yatiririke kidogo, akachukua jani moja, akaliosha mbele, akaligeuza, akaliosha nyuma, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa shina, akaliweka kwenye chujio safi. Kisha la pili. Nikamwambia, "Bi Saumu, hivi tutamaliza kesho." Akajibu, "Basi anza leo."

Hivyo ndivyo tulivyoosha miaka yote. Kabichi tulilivua majani mawili matatu ya nje na kuyatupa, halafu tukaosha kabla ya kukata, siyo baada. Ukikata kwanza, kisu kinaubeba uchafu wa nje na kuupeleka ndani, na hapo hata ukiosha umechelewa. Na kabla ya mboga yoyote, mikono: sabuni, maji yanayotiririka, katikati ya vidole, chini ya kucha, na bangili zimevuliwa. Ile dawa ya mikono ya kwenye kichupa mnayopaka na kutikisa vidole haitoshi kwa hawa wadudu ninaotaka kuwaambia habari zao. Sabuni na maji, wanangu.

Lakini Bi Saumu alikuwa anaanza mbali zaidi ya ndoo. Alikuwa anaanzia bustanini. Mnalijua bonde letu. Masika yakikolea, maji yanaingia popote, shambani, kisimani, chooni, na yakitoka yameshachanganya kila kitu. Sasa mtu anachota hayo maji na kumwagilia saladi, jani linaota zuri, la kijani, linang'aa, na wewe unalila bichi.

Mboga zetu tulikuwa tunachukua kwa Mama Masanja, Msukuma mmoja aliyekuja na mumewe na ng'ombe wao, wakakaa njia ya kwenda Idete. Mume alichunga, mama akalima bustani bondeni: saladi, kabichi, giligilani, vitunguu vya majani. Siku ya kwanza Bi Saumu kufika pale, baada ya salamu tu, akauliza, "Choo chenu kiko wapi?"

Mama Masanja akashika kiuno. "Bi mkubwa, umekuja kununua mboga au kujisaidia?"

"Nimekuja kununua mboga. Ndiyo maana nauliza choo."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mama akacheka, akamzungusha shamba zima. Choo kilikuwa juu kidogo, kisima kifupi cha kumwagilia kilikuwa chini yake, na mvua iliyopita ilikuwa imeacha mstari wa tope kutoka kimoja hadi kingine. Bi Saumu akaunyoshea kidole ule mstari. Mama Masanja akautazama muda mrefu. Siku hiyo tulinunua mabiringanya na mchicha wa kupika tu, saladi hatukuchukua hata jani. Mwaka uliofuata tulikuta amechimba kisima kingine upande wa juu, mbali na choo, na anabeba madumu kwa baiskeli asubuhi na jioni. Mgongo ulimuuma, alituambia mwenyewe, lakini hakurudi kwenye kile cha zamani. Nilimheshimu sana yule mama. Kuna watu wamesoma hawawezi kubadilisha jambo kwa kuonyeshwa mstari wa tope.

Na sokoni angalieni ndoo iliyo chini ya meza. Muuzaji anachovya mkono, anarashia majani yasinyauke. Hayo maji kayachota wapi? Ukimwuliza anakasirika. Bi Saumu hakuuliza, alisema tu, "Nipe yaliyonyauka." Wakamwona mzee amechanganyikiwa. Akifika nyumbani anayaosha, anayaloweka kidogo kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, yanasimama yenyewe kama yamevunwa asubuhi hiyo.

Haya yote Bi Saumu aliyafanya kabla hajasikia neno virusi. Neno hilo tulilipata pamoja, siku bwana afya mmoja alipotuita wapishi na mamalishe kwenye darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao, watu wazima tunasukumana na viwiko. Yule bwana afya alikuwa kijana, mdogo kwa umri kuliko wanangu, lakini alitusalimia shikamoo mmoja mmoja mpaka dawati la nyuma, basi tukamsikiliza.

Akasema kuna vijidudu vidogo mno vinavyoitwa virusi, vinavyotoka kwenye choo na matapishi ya mgonjwa na kuingia mdomoni kwa mtu mwingine kupitia mikono, maji na chakula. Vingine vinaleta kutapika na kuharisha kwa ghafla, vinapita kwenye nyumba nzima kwa siku mbili. Vingine vinaleta homa ya ini, ile aina ya A, macho yanakuwa ya manjano na mtu analala wiki kadhaa. Akasema kirusi hakizaliani kwenye jani kama ukungu. Kinakaa tu kinasubiri tumbo la mtu. Mboga hainuki, haichachi, haibadiliki ladha. Na kidogo sana kinatosha kumlaza mtu.

Mmoja wetu akanyoosha mkono. "Bwana afya, sisi kachumbari tunaikamulia ndimu. Ndimu inapika."

"Haipiki, mama. Kirusi ndimu hakiisikii."

"Siki je?"

"Siki hivyo hivyo."

"Na tukiiweka kwenye friji?"

"Baridi inakitunza, mama. Kinachokiua ni moto, chakula kiive kabisa."

"Sasa ndimu ina kazi gani?"

"Inatia ukali, mama."

Darasa zima likacheka, lakini mimi nilitoka nimenywea. Miaka yote nilikuwa najiambia ndimu inamaliza yote. Akatuambia pia kwamba kuosha vizuri kunapunguza, hakumalizi, kwa hiyo kama una shaka na maji au na mahali mboga ilikotoka, pika. Hasa ukimlisha mjamzito, mzee au mtu anayeumwa. Na mwenye homa ya ini anaanza kuambukiza kabla macho hayajabadilika, yeye mwenyewe akijiona mzima, ndiyo maana kunawa mikono siyo kazi ya wagonjwa peke yao.

Kuna aliyesikia nusu. Mwenzetu Rehema, binti mchapakazi sana, aliposikia sabuni alibeba sabuni yote. Shughuli iliyofuata akaosha saladi kwa sabuni ya unga. Alisugua jani moja moja, kwa moyo kabisa. Kuonja, mdomo wa Bi Saumu ukatoa povu. Sijawahi kuona mtu anatema kwa heshima namna ile. Sabuni ni ya mikono na vyombo, majani ni maji safi tu, kwa sababu jani linaibakiza sabuni na mtu anaila. Rehema tulimtania mpaka alipoolewa, na hata mumewe tulimsimulia.

Sasa niwaambie lile lililonifanya niandike. Linanihusu mimi, na siyo zuri.

Jikoni kwa Bi Saumu kila mtu alikuwa na kazi yake, lakini kachumbari ilikuwa yake peke yake. Mnajua inavyotengenezwa kwetu. Vitunguu vinakatwa vyembamba, vinafikichwa na chumvi kwa mkono mpaka vitoe ule ukali, vinaoshwa, vinakamuliwa, kisha kabichi nalo linafikichwa hivyo hivyo lilainike. Hakuna kijiko kinachoweza kazi hiyo. Watu wanasema fulani ana mkono wa kachumbari, na ni sifa kubwa, zaidi ya kujua pilau. Mimi nilikaa miaka nakaanga vitunguu vya pilau, machozi yananitoka, nikiutazama ule mkono.

Alhamisi moja akaniambia, "Kachumbari ya Jumamosi utakata wewe."

Jumamosi hiyo ilikuwa harusi ya binti wa mwisho wa Mzee Salehe, muuza vifaa vya ujenzi wa pale Lipangalala. Harusi kubwa. Mzee alikuwa ameona mahali sinia limetandikwa majani ya saladi, kachumbari ikalala juu yake, naye akataka hivyo kwa kila sinia. Wakwe walikuwa wanatoka mbali. Nilinoa kisu changu siku mbili.

Jumamosi asubuhi nikaamka natapika. Mara mbili. Tumbo nalo likafunguka. Nilikaa kitandani nikawaza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwenzetu mmoja alisema ana homa siku ya shughuli kubwa, Bi Saumu akamrudisha nyumbani kwa hasira, na hakumwita tena. Sote tuliliona hilo na sote tulilishika. Nikanywa chai ya tangawizi, nikapanda bodaboda.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Mbona macho yamezama?"

"Usingizi tu, sikulala vizuri."

Nilimdanganya hivyo, mbele ya jua na watu. Kisha nikanawa mikono kama alivyonifundisha, nikaosha saladi jani moja moja mbele na nyuma, na ungeniona ungesema huyu ndiye mpishi. Lakini nilikwenda chooni mara tatu kabla sijamaliza. Mara mbili za kwanza nilinawa kwa sabuni. Mara ya tatu nikakuta maji yamekwisha kwenye kopo na kipande cha sabuni hakipo. Ningeweza kurudi jikoni kutafuta maji. Ila wangeniuliza mbona unakwenda sana, na vitunguu vilikuwa vinaningoja. Nikajifuta kwenye khanga, nikarudi, nikaingiza mikono yote miwili kwenye vitunguu nikafikicha.

Nilipomaliza nilikuwa na mabeseni matatu, na nasema ukweli, yalipendeza. Bi Saumu akaja kuonja chumvi. Hakuwa anaonja kwa kijiko. Alikinga kiganja, nami nikamtilia kidogo kwa vidole vyangu. Akatafuna, akatazama juu, akasema, "Mkono umekubali."

Neno hilo nilikuwa nimelisubiri miaka. Sikulifurahia hata dakika tano. Tumbo likanigeuka, nikaacha kisu, nikakimbilia nyuma ya ukuta, nikatapika pale pale kwenye nyasi. Nilipoinua kichwa Bi Saumu alikuwa amesimama.

"Imeanza lini?"

"Sasa hivi."

"Mama Anjela. Imeanza lini?"

"Asubuhi. Kabla sijatoka nyumbani."

"Na tumbo?"

"Na tumbo."

"Mara ya mwisho umenawa na nini?"

Nikaitazama khanga yangu. Naye akaitazama.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliwaita wanaume wawili waliokuwa wanapasua kuni, wakachimba shimo kwenye kona ya ua, yakamwagwa mabeseni yote matatu, nyanya, kabichi na yale majani ya saladi niliyoyaosha kwa adabu zote. Kuku wakaja mbio. Akasimamia mwenyewe mpaka shimo likafukiwa na jiwe kuwekwa juu. Visu, mbao za kukatia na mabeseni vikaoshwa kwa sabuni, kisha kwa maji ya klorini. Nilipotapika pakamwagiwa klorini pia. Mimi akaniambia nikae nje ya geti nisubiri bodaboda. Nikakaa juu ya gunia, nyuma ya ukuta wa mabati, nikasikia yote.

Mzee Salehe alikuja anahema. "Bi Saumu, nimeambiwa umemwaga kachumbari!"

"Nimemwaga."

"Pilau bila kachumbari? Wakwe watanionaje?"

"Watakuona umewalisha wakashiba. Na kesho wataamka wazima."

"Nani kaiharibu? Nitajie!"

Nikafumba macho. Watu wote jikoni walikuwa wameshajua ni nani, na ilibaki kutamka jina langu tu.

"Mkubwa wa jiko ni mimi, Mzee Salehe. Ukitaka wa kumsema, nipo mbele yako."

"Basi hutapika tena kwenye nyumba yangu!"

"Sawa, mzee. Lakini ya leo niache nimalize."

Nikamsikia anaagiza sufuria. Kabichi lililobaki ambalo halijaguswa na mimi likaoshwa, likakaangwa na karoti. Nyanya zilizobaki na pilipili zikapikwa zikawa rojo zito. Wageni walinung'unika, wakauliza kachumbari iko wapi, kisha wakala wakalamba vidole. Hakuna aliyeumwa.

Nimesema hakuna. Nilikuwa nimesahau kile kiganja.

Jumatatu Rehema akanipigia. "Mama Anjela, Bi Saumu anatapika tangu alfajiri." Mtu mmoja tu katika harusi nzima alikuwa amekula kachumbari yangu, na nilimtilia mwenyewe kwa vidole vyangu.

Tumbo langu lilikuwa limetulia tangu Jumamosi jioni, basi nikaenda kumwuguza. Kijana ana nguvu, anatapika siku mbili anainuka. Mzee ni jambo jingine. Jumanne macho yaliingia ndani, midomo ikakauka, akawa anaongea polepole. Nilimpa ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, kijiko kwa kijiko, kikitoka narudia. Mchana tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali, wakamtundikia maji. Nilishika miguu yake, ilikuwa ya baridi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikuwa naogopa kufukuzwa tena. Nilikuwa naogopa kwamba nimemuua mtu aliyenifundisha kunawa mikono.

Mungu akasaidia, Jumatano akarudi nyumbani, bado tumbo likimsumbua. Alhamisi alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunywa uji, nami nimeinama nafua. Nikamwambia, "Bi Saumu, nisamehe." Akauliza:

"Asubuhi ile ulipotapika, ulimwogopa nani?"

"Nilikuogopa wewe."

Akaweka kikombe chini.

"Ulikumbuka yule niliyemrudisha kwa ajili ya homa."

"Sote tunamkumbuka, Bi Saumu."

"Yule alinambia kweli," akasema. "Nikamfundisha na nyinyi wengine wote kusema uongo." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Nilikuwa sijawahi kuyaona, hata kwenye vitunguu.

Vijana, nyie siku moja mtakuwa na watu chini yenu, hata kama ni wawili na jiko la mkaa. Mnaweza kununua glavu, klorini na ndoo ya koki, na nunueni. Lakini kama msaidizi wako anakuogopa, ataingia jikoni anaumwa na atakutabasamulia. Mwenye kutapika au kuharisha hagusi chakula mpaka zipite siku mbili kamili tangu alipopona, na atakaa nje siku hizo ikiwa tu anajua atarudi akute nafasi yake. Nimeshaona mtu akiweka tangazo zuri la kunawa mikono ukutani, huku wapishi wake wanajificha nyuma ya ukuta huo huo wanatapika.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kipaimara Mkula. Tulitangulia na kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukakuta wenyeji wameshaweka maturubai na wanaume wamekaa wanapiga soga. Hatukumtarajia Bi Saumu. Tukiwa tumeshaanza kufungua magunia, bajaji ikasimama barabarani, akashuka, mwembamba, anatembea kwa kushika ukuta. Akafika getini akasimama. Hakuingia. Mwenye nyumba akamkimbilia kumkaribisha, naye akanyoosha mkono kumzuia.

"Nawasalimu nikiwa hapa hapa," akasema. "Mimi nimeumwa tumbo. Mpaka jana asubuhi nilikuwa naharisha."

Alilisema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. Wanaume kwenye turubai wakageuza shingo. Mwenye nyumba akatazama viatu vyake. Mtu mzima, mwenye heshima zake, anasimama mbele ya nyumba ya watu kwenye sherehe yao na kusema naharisha. Mimi nilitaka kwenda kumfunika na khanga.

"Leo sigusi kisu wala mwiko, wala sionji. Mkiniona nimevuka geti hili, nitoeni. Kachumbari atakata Mama Anjela, yeye amepona wiki nzima." Akatutazama mmoja mmoja. "Na kuanzia leo, anayeumwa aseme kama nilivyosema mimi. Hatapoteza nafasi yake, na sinia lake litampata nyumbani."

Wakamtolea benchi, likawekwa nje ya geti, akakaa. Mimi nilichukua sabuni nikaanza kunawa. Ndipo nikasikia chujio linawekwa chini nyuma yangu. Rehema alikuwa ameshaanza kuosha saladi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na mimi, Bi Saumu," akasema. "Tangu jana usiku."

Akapita katikati yetu, akatoka getini, akasimama pale kama mtu anayengoja kugombezwa. Bi Saumu akasogea kwenye benchi, akampisha akae.